Bolti Nne za Namba Tisa

Jumamosi hiyo Dilcia alikuwa na saa nne na bolti nne. Alipomaliza kunawa uso akalitazama gurudumu la mbele lililolala juu ya gunia pale barazani, alijiambia kwamba saa moja kwa bolti moja ni muda wa kumtosha hata mvivu, na yeye hakuna aliyewahi kumwita mvivu akarudia mara ya pili.

Saa sita mchana Tancredo, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda cha Arroyo Colorao, angekuwa juu ya Mteremko wa Nyumbu, na chini, mbele ya duka la Nurys, ungekuwa umechorwa mstari wa chokaa. Pikipiki ya namba tisa ilitakiwa ishuke mteremko huo na gurudumu lake la mbele lisimame juu ya mstari huo. Ikisimama, kizibao namba tisa kingebaki kwenye nyumba ya Persio, mume wa Dilcia, kilikokaa miaka kumi na tisa. Isiposimama, au isipofika, kizibao kingevaliwa na shemeji wa Tancredo, ambaye alishaanza kukinyoosha kwa macho.

Kwetu kijiwe kina vizibao kumi na viwili, hakiongezi cha kumi na tatu. Kizibao kikilala siku arobaini bila kupanda barabarani kinakwenda kwa anayefuata. Kabla hazijatimia, mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo anaweza kukivaa, mwanamume au mwanamke, kanuni haichagui, ila kwanza ashuke mteremko huku amempakia yule anayemtilia shaka. Ndivyo tulivyozoea. Mwenye shaka anapanda nyuma, basi, akae nayo hapo.

Na siku ya arobaini ilikuwa ndiyo hiyo. Persio alianguka kutoka juu ya bati, akipigilia misumari kabla ya msimu wa vimbunga, akavunjika nyonga. Daktari wa mjini Ocoa aliwaonyesha mahali penyewe kwenye picha ya eksirei kwa ncha ya kalamu. Tangu hapo Persio alikuwa mtu wa kiti cha kubembea, kati ya mlango na redio, na pikipiki alikuwa akiiendesha kwa mdomo.

Kuendesha si jambo lililomsumbua Dilcia. Alikuwa akipanda na kushuka na pikipiki hiyo tangu binti yao Yaniris ananyonya. Kilichomsumbua ni breki ya mbele. Diski yake, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gurudumu lisimame, ilikuwa imeliwa hata ukiishika ukingoni unaweza kukatia jibini. Yaniris aliituma mpya kutoka mji mkuu kwa basi, imefungwa ndani ya gazeti pamoja na bolti mpya nne, ikafika Ijumaa alasiri. Kuitoa ya zamani tu ndiyo ilikuwa kazi. Bolti nne ndogo zilizoishikilia kwenye gurudumu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi.

Ijumaa hiyo hiyo alilipeleka gurudumu kwa Radhamés, fundi wa karibu na daraja, mtu mwema mwenye mikono ya haraka. Radhamés alichokoa kilichoziba tundu la bolti ya kwanza, akaingiza ufunguo wa pembe sita, akauunganishia bomba refu kama mkono wa mtu, akaning'inia. Bolti haikusogea. Zilizosogea ni kona za tundu lake, pembe sita zikawa duara, laini kama pete ya ndoa ya zamani.

"Nani aliyeipaka gundi hii?" Radhamés aliuliza, akiutazama ufunguo wake kama aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Unamjua," Dilcia alisema.

"Basi mwambie amenishinda. Jumatatu mashine yangu ya kukatia inarudi, nitaikata."

"Jumatatu ni siku ya arobaini na mbili."

"Sasa mimi nifanyeje, Doña Dilcia?"

"Nipe gurudumu langu."

Alilipandisha begani hadi nyumbani, kilomita mbili za kupanda, na kila aliyekutana naye njiani alimsalimu kwa sauti ya chini kidogo.

Aliyeipaka gundi alikuwa yeye mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, siku za sikukuu ya mtakatifu wetu, watu wa kijiwe waliegesha pikipiki zao nyuma ya kanisa wakaenda kucheza domino, na waliporudi pikipiki nne hazikuwa na diski. Mwizi alizifungua taratibu, bila papara, magurudumu akayaegemeza ukutani kwa adabu. Juu ya hayo barabara yetu nayo ni mwizi wa aina yake. Kutoka darajani hadi shule ya juu ni mawe matupu, na kila safari inalegeza kitu. Hapo Dilcia akasema anaijua dawa. Jumapili moja walimletea pikipiki zote kumi na mbili. Alifungua kila bolti ya diski, akaipaka gundi nyekundu, ile inayogandisha chuma kwa chuma, akairudisha na kuikaza, halafu vichwa vya bolti akaviziba kwa gundi ya kijivu ya mirija miwili, mwizi asipate hata pa kuingiza ufunguo. Walimletea nyama ya nguruwe ya kukaanga na bia. Tancredo alitoa hotuba, akasema hata wao wakifa diski hizo zitabaki. Watu walipiga makofi.

Na katika makofi yote yale hakuna aliyekumbuka kwamba diski inaliwa kama sabuni, kidogo kidogo, kila ukibana. Hata Dilcia hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kizibao chenyewe.

Kwa sababu yeye si mtu wa kubahatisha. Alizaliwa juu kwenye kahawa, akasoma hadi darasa la sita, na akiwa na miaka kumi na tisa alishuka kwenda kiwanda cha suruali za jinzi. Alikaa huko miaka kumi na moja. Miwili ya kwanza alishona mifuko ya nyuma, mifuko tu, mia sita kwa siku. Siku moja cherehani yake iligoma, fundi akachelewa, naye akaifungua mwenyewe kwa kisu cha kumenyea ndizi. Msimamizi alitaka kumfukuza. Fundi mkuu, mwanamke mnene aliyeitwa Eufrasia, alitazama kile alichokifanya, akasema, "Huyu hamumfukuzi, mnanipa mimi." Miaka tisa iliyofuata Dilcia alitembea kati ya safu za cherehani na bisibisi mfukoni, na mabinti walimwita "daktari". Neno hilo bado analo. Ukimsifia chapati zake anashukuru, lakini ukimwita daktari wa mashine anakaa wima.

Sasa, Jumamosi hiyo, daktari aliketi kwenye kigoda na gurudumu likiwa mbele yake, akaanza kuchokoa gundi ya kijivu kwa ncha ya sindano kubwa ya magunia. Ilitoka vipande vidogo, kama ukoga wa meno.

"Pigilia," Persio alisema kutoka kwenye kiti chake. "Igonge ishtuke."

"Wewe ulipigilia bati, tukaona."

Persio alibembea mara mbili. "Nasema kwa faida yako."

"Najua, baba Yaniris. Kunywa kahawa yako."

Tundu la bolti ya pili liliposafika aliingiza ufunguo, akajaribu kwa mkono tu, bila bomba. Alisikia ile hali anayoifahamu, ufunguo unapoanza kujikunja kabla bolti haijafikiria lolote. Akaacha papo hapo. Nguvu alikuwa nayo, lakini nguvu ndiyo iliyoharibu ile ya kwanza. Alikaa akiitazama, mikono juu ya magoti.

Kiwandani zilikuwako skrubu ndogo zilizoshika mhimili wa sindano, nazo zilitoka huko zilikotengenezwa zikiwa na gundi. Eufrasia alimfundisha jinsi ya kuzitoa, na hakumfundisha kwa upole. "Gundi usishindane nayo," alimwambia. "Ichome. Uchome skrubu, usichome nyumba yake. Ukisikia harufu, zungusha, na ukianza kuzungusha usisimame kumsalimia mtu."

Dilcia alinyanyuka. Akawasha jiko la mkaa, lile la kupikia maharage, akalipuliza hadi makaa yakawa mekundu. Kwenye takataka za nyuma ya nyumba alipata kipande cha nondo, akakinoa ncha juu ya jiwe mpaka kikaingia vizuri kwenye tundu la bolti, akakichomeka ndani ya makaa. Alichovya kitambaa kwenye maji, akakizungushia katikati ya gurudumu, mahali penye beringi na mpira wake wa kuzuia grisi, maana hivyo vikiungua kazi inakuwa mbili.

"Unalivika kilemba?" Persio aliuliza.

"Kichwa chake kina joto."

Nondo ilipokuwa nyekundu aliishika kwa koleo, akaikandamiza kwenye kichwa cha bolti, akahesabu hadi sitini. Hakuna harufu. Akairudisha kwenye makaa. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu ilikuja, kidogo kwanza, kisha wazi, harufu kali kama maziwa ya sukari yaliyoungulia chini ya sufuria. Akaitupa nondo pembeni, akaingiza ufunguo, akaukaza kwanza upande wa kufungia, kidogo tu, kuiamsha, halafu akaugeuza. Bolti ililia. Sauti nyembamba, ya kukasirisha. Ikageuka robo, ikageuka nusu, naye hakusimama, aliizungusha moja kwa moja ikiwa inaunguza vidole hadi ikadondoka juu ya gunia, nyuzi zake zimejaa unga mwekundu.

Persio alikuwa ameacha kubembea. "Moja," alisema.

"Mbili zifuatazo zitajua nimekuja," Dilcia alisema.

Alikuwa akiichoma ya tatu wakati Tancredo alipofika na pikipiki yake. Ilikuja ikipiga ukelele wa breki kutoka mbali, ukelele ambao kila nyumba ya kando ya barabara iliufahamu kwa jina la mwenyewe. Tancredo ni mtu mkubwa wa tumbo na mashavu. Si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaende kwa kanuni zaidi yanapoelekea upande wa ndugu zake.

"Mmeamkaje hapa?"

"Tumeamka na kazi," Dilcia alisema bila kuinua macho. "Kahawa iko kwenye chupa, jimiminie."

Tancredo hakujimiminia. "Doña Dilcia, hakuna anayekulazimisha. Mtu anaweza kusema nimeshindwa, kijiwe kikamwelewa. Persio ni ndugu yetu."

"Nani kasema nimeshindwa?"

"Sijasema hivyo. Nilikuwa napita tu."

"Basi umepita."

Persio alicheka hadi nyonga ikamkumbusha. Tancredo alijikuna shingo, akabaki amesimama. Aliona nondo nyekundu ikiingia, akaisikia harufu, akaiona bolti ya tatu ikitoka kwa kelele na kuanguka kando ya mwenzake. Alipogeuka kuondoka alichuchumaa kidogo mbele ya gurudumu la pikipiki yake mwenyewe, akalitazama, akapitisha kidole kwenye diski yake, akakipangusa suruali. Kisha akaondoka, na ukelele wake ukamfuata hadi darajani.

Bolti ya nne ilitoka saa nne kasorobo. Ikabaki ile ya kwanza, ile ya Radhamés, yenye tundu lililokuwa duara. Ichomwe vipi, sawa, inaweza kuchomwa, lakini ishikwe wapi? Alijaribu kupigilia ndani yake ufunguo mkubwa zaidi kidogo, wa kulazimisha. Uliingia, lakini alipochoma na kugeuza ukazunguka bure. Alikata mstari juu ya kichwa kwa msumeno wa chuma ili bisibisi ipate pa kushika. Bisibisi ilipanda, ikateleza, ikamchana kiganja.

"Damu," Persio alisema.

"Naiona."

"Mama Yaniris, iache. Siyo mwisho wa dunia. Namba ni yangu, nami nasema iende."

Dilcia alijifunga kitambaa kiganjani kwa meno na mkono mmoja. Alikuwa akifikiria.

"Namba ni yako," alisema hatimaye. "Bolti ni yangu. Niliipaka mwenyewe na nilipigiwa makofi. Sitaacha mtu mwingine aje kuikata Jumatatu, watu wakisema hii ni ile ya Dilcia."

Alilitazama gurudumu tena. Bolti tatu zilikuwa zimetoka, kwa hiyo diski ilikuwa imeshikwa na kichwa kimoja tu. Si nyuzi zinazoishika diski, ni kichwa. Kichwa kikiondoka, diski itanyanyuka yenyewe, na kile kitakachobaki kitakuwa kijiti cha chuma kilichosimama wima, kitu cha kushikwa na koleo. Aliona jambo hilo lote kwa mara moja, akashangaa lilikuwa wapi nusu saa nzima.

Mashine ya kukatia hakuwa nayo. Lakini hakuna nyumba ya Arroyo Colorao isiyo na tupa ya kunolea panga. Ya kwao ilikuwa imechomekwa ukutani juu ya mlango wa jikoni, mahali ilipochomekwa na baba yake Persio. Dilcia aliichomoa.

Alianza kukwaruza. Kichwa cha bolti ni kidogo kama kifungo cha shati, lakini ni chuma cha kiwandani, na tupa ya panga imezoea chuma laini. Gurudumu lilikuwa likicheza. Kila alipovuta tupa, nalo lilijigeuza juu ya gunia, nusu ya nguvu yake ikipotea kulirudisha. Alilikanyaga kwa mguu, halikutulia. Alilibana kwenye kona ya ukuta, akakosa nafasi ya kiwiko.

"Lilete hapa," Persio alisema.

"Utaumia."

"Nimeumia siku arobaini bila kufanya kazi yoyote. Lete."

Aliliinua, akaliweka kati ya magoti ya mumewe, hapo kwenye kiti. Persio alilibana kwa mguu wake mzima upande mmoja na mikono yake miwili upande mwingine, akaegemea mbele hadi kidevu kikagusa mpira. Kiti kilitaka kubembea, Dilcia akakiwekea kuni chini. Gurudumu likatulia kama limejengewa.

Wakafanya kazi hivyo. Tupa ilikwenda na kurudi, unga wa chuma ukimwagikia miguu ya Persio, uso wake ukiwa karibu na wa mkewe kuliko ulivyokuwa kwa wiki nyingi. Jasho lilimtiririka Dilcia likadondoka juu ya bolti na kuvuta. Redio ilitangaza saa nne na nusu. Ilitangaza saa tano. Mkono wa kulia ulipokufa ganzi alihamia wa kushoto, ulipochoka wa kushoto akarudi kwenye ule wenye kitambaa.

"Tupa inaisha meno," Persio alisema.

"Na bolti inaisha kichwa. Tuone nani atatangulia."

"Ulikuwa hivi hivi siku ile ya kwanza nilipokuona. Unagombana na pasi kwenye baraza la mama yako."

"Pasi ile ilikuwa na waya mbovu."

"Ulishinda?"

"Wewe ulivaa shati lililonyooshwa siku ya harusi, au hukuvaa?"

Saa tano na dakika kumi kichwa kilitoka, kijipande kama sarafu iliyopondwa na gari. Dilcia alishika diski ya zamani kwa vidole viwili, akainyanyua, ikatoka bila ubishi wowote. Kijiti cha bolti kilibaki kimesimama. Akakichoma kwa nondo ubavuni na juu, mara mbili, mara tatu, harufu ikaja. Akakiuma kwa koleo, akalikandamiza koleo kwa mikono yote miwili, na Persio juu ya mikono yake akaongeza ya kwake. Kililia kama wenzake. Kikageuka.

Hawakushangilia, muda haukuwepo. Alisafisha nyuzi za matundu yote manne kwa sindano na mswaki wa zamani, akatoa gundi nyekundu hadi chembe ya mwisho. Diski mpya ilikuwa na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta kwenye breki ni kifo kwa mteremko kama wetu, kwa hiyo aliichukua spiriti ya kusugulia mguu wa Persio akaifuta pande zote mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akachukua bolti mpya.

"Gundi?" Persio aliuliza.

Hilo alikuwa amelifikiria tangu saa mbili. Barabara ilikuwa ile ile, mawe yale yale. Kwenye kopo la cherehani alikuwa na kichupa cha gundi ya buluu, ile dhaifu, inayoshika lakini inakubali kufunguliwa na mtu mwenye ufunguo. Alitia tone moja kwenye kila bolti. Akazikaza kwa msalaba, hii halafu ya mbele yake, kidogo kidogo, diski isikae upande. Vichwa vyake akaviacha wazi.

"Na mwizi?"

"Mwizi akija atanikuta. Nitakuwa nimeikalia."

Alirudisha gurudumu, akaweka pedi mpya, akaifunga ile taya inayozibana, akaminya mkono wa breki mara nyingi hadi ukawa mgumu. Pedi mpya na diski mpya hazijuani. Zinahitaji kukutanishwa. Alikwenda na kurudi kwenye kipande tambarare mbele ya nyumba, akibana, akiachia, akibana, mara kumi na tano au zaidi, majirani wakimtazama kama aliyepungukiwa akili. Mara ya kwanza breki ilishika kwa uvivu. Mara ya mwisho ilishika kama mkono.

Persio alikuwa ameshikilia kizibao namba tisa juu ya mapaja yake.

"Vaa."

"Bado si changu. Nikirudi."

"Nitasikia kutoka hapa," Persio alisema. "Ukibana nitasikia."

"Ikiwa kazi yangu ni nzuri hutasikia kitu," Dilcia alisema, akaondoka.

Juu ya Mteremko wa Nyumbu Tancredo alikuwa akisubiri, saa mkononi. Dakika nne zilibaki. Shemeji yake alikuwa chini mbele ya duka, amechana nywele. Tancredo alitazama kiganja kilichofungwa kitambaa, akatazama gurudumu, akapanda nyuma. Pikipiki ilididimia kwa uzito wake.

"Gia ya tatu hadi getini kwa shule ya chini," alisema. "Ndiyo kanuni. Kabla ya geti hakuna kubana."

"Kanuni naijua. Shika nyuma, usinishike mimi."

Akaachia. Mteremko wetu una kona moja tu, nayo iko mahali pabaya, halafu unanyooka moja kwa moja hadi dukani. Upepo ulimjaa blauzi. Mawe yalianza kuitikisa pikipiki, na Dilcia alisikiliza chini ya mngurumo, akitafuta sauti yoyote ya chuma kulegea. Hakuisikia. Geti la shule lilipita kushoto. Aliuona mstari mweupe, watu pande zote mbili, Nurys akiwa na ufagio mkononi, na akangoja, akangoja kidogo zaidi ya vile mtu mwenye woga angengoja, kisha akabana kwa vidole viwili, kwa kukaza taratibu, kama anavyokamua nguo nyembamba.

Pikipiki iliinamisha pua. Tumbo la Tancredo likamjia mgongoni lote, pumzi zake zikamwingia sikioni. Gurudumu likazunguka polepole, polepole zaidi, likasimama.

Hakukuwa na ukelele. Hapo ndipo watu walipogundua, maana kila mmoja alikuwa ameshakunja uso kuusubiri.

Nurys aliinama na ufagio wake akaangalia. Mpira ulikuwa juu ya chokaa, katikati. "Uko juu yake," alisema. "Nani anataka kupima aje apime." Shemeji wa Tancredo alikuja, akainama, akainuka, akaenda zake kutafuta kitu cha kunywa.

Tancredo hakushuka. Alibaki amekaa nyuma, mikono kwenye chuma cha kiti, mpaka watu walipoanza kutawanyika. Ndipo aliposogeza mdomo karibu na sikio la Dilcia.

"Doña Dilcia. Yangu inalia tangu Pasaka."

"Nimesikia."

"Umesikia?"

"Hata kuku wamesikia, Tancredo."

"Sasa ile gundi…"

"Nilifunga kumi na mbili," Dilcia alisema. "Leo nimefungua moja. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, uje na mkaa wako, na waambie wengine wajipange, nataka mmoja kila siku, nisiharakishwe. Na mtu asiguse bolti kabla yangu, hasa Radhamés. Halafu lete tupa. Yangu imebaki fimbo."

"Tupa naleta," Tancredo alisema. Akashuka, akasimama kando ya pikipiki, na kwa sauti ya mwenyekiti, ya kusikika hadi ndani ya duka, akatangaza kwamba namba tisa ni ya Dilcia, mke wa Persio, na iandikwe.

Mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kikapu alikuwa amesimama kivulini akitaka kupelekwa shule ya juu. Aliuliza nani yuko tayari. Wanaume walitazamana. Dilcia akapiga kiki.

Alipopita mbele ya nyumba yake akipanda na abiria na kuku wake, hakusimama, maana abiria ni abiria. Persio alikuwa barazani, kuni bado iko chini ya kiti. Aliinua juu kizibao kwa mkono mmoja na ile tupa iliyokwisha meno kwa mkono wa pili, akavishikilia hivyo hadi pikipiki ikapotea kwenye kona.